Ua Lisilo na Rangi

Rangi ndiyo sauti ya ua. Kwa rangi ua humwita nyuki aliye mbali, na kwa rangi humsimamisha mpita njia aliye na haraka. Mtu aulizwapo habari za bustani aliyoizuru hutaja kwanza wekundu wa waridi na umanjano wa alizeti. Mengine hufuata baadaye, kama yakifuata. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kwamba katika historia ya upigaji picha, baadhi ya picha za mimea zilizopata heshima kubwa kabisa ni zile zisizo na rangi hata kidogo, ila weusi, weupe, na daraja za kijivu zilizo kati yake.

Jambo hili lina asili yake. Mwanzoni kukosekana kwa rangi kulikuwa upungufu wa chombo. Aliyetaka picha ya ua alipewa umbo lake akanyimwa rangi yake, wala hakuwa na uchaguzi. Lakini mwaka 1907 ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walianza kuuza vioo vya picha vilivyoweza kushika rangi, na tangu hapo upungufu ule ukaanza kugeuka hiari. Watu watatu walioishi katika kipindi hicho cha mpito waliutazama mmea kwa jicho la weusi na weupe mpaka ukaonekana upya: mtunza bustani mmoja wa Uingereza, mwalimu mmoja wa Ujerumani, na mama mmoja wa Marekani aliyekuwa akilea wana watatu. Hakuna aliyeufikia mmea kwa kutafuta sifa. Kila mmoja alikuwa na shughuli ya kila siku iliyomweka karibu nao, na shughuli hiyo ndiyo iliyompa swali la kuuliza. Kisa chao chaonyesha mahali ambapo sanaa huweza kuzaliwa bila ya kupigiwa mbiu.

Mmea ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kupigwa picha, na hilo halikutokea kwa bahati. William Henry Fox Talbot, bwana wa nyumba ya Lacock katika jimbo la Wiltshire, Uingereza, alikuwa mtu wa hesabu na mpenzi mkubwa wa elimu ya mimea. Mwaka 1833, akiwa safarini kando ya ziwa Como huko Italia, alijaribu kuchora mandhari iliyokuwa mbele yake, na mkono wake ukamshinda. Ndipo alipowaza kama mwanga wenyewe ungeweza kufanywa mchoraji. Mwaka 1834 alianza majaribio. Alilowesha karatasi kwa maji ya chumvi ya kula, akaikausha, kisha akaipaka nitrati ya fedha. Juu ya karatasi hiyo aliweka jani, akaligandamiza kwa kioo, akaliacha juani. Palipopigwa na jua pakawa peusi; palipofunikwa na jani pakabaki peupe; na pale jani lilipokuwa jembamba mwanga ukapenya kidogo, ukachora mishipa yake mmoja mmoja. Kamera haikuhitajika, wala lenzi. Jani lilijichora lenyewe kwa kivuli chake.

Shida ilikuwa kulidumisha. Picha ile ikitolewa juani ili itazamwe, sehemu nyeupe nazo hugeuka nyeusi, na jani hupotea. Talbot aliweza kuichelewesha hasara hiyo kwa maji ya chumvi kali. Lakini dawa ya kweli ilitoka kwa John Herschel, mtaalamu wa sayansi aliyekuwa rafiki yake, ambaye mwaka 1839 alieleza kwamba thiosulfati ya sodiamu huyeyusha chumvi ya fedha isiyoguswa na mwanga na kuiacha ile iliyokwisha kuwa nyeusi. Mwaka 1842 Herschel huyohuyo alivumbua namna nyingine itumiayo chumvi za chuma, ambayo picha yake huwa ya buluu. Na kuanzia mwaka 1843 bibi Anna Atkins aliitumia kutengeneza kitabu cha mimea ya baharini ya Uingereza, akakitoa sehemu kwa sehemu kwa muda wa miaka kumi. Hivyo elimu ya mimea na elimu ya picha zilikuwa zimekwisha kuoana kabla mafundi wa mijini hawajaanza kuifanya picha kuwa biashara ya nyuso za watu.

Ndoa hiyo ilikuwa na kasoro moja. Chumvi za fedha haziuoni ulimwengu kama jicho la mwanadamu liuonavyo. Vioo vya zamani viliuona mwanga wa buluu tu na ule uliokaribiana nao. Wekundu na umanjano vilikuwa giza kwao. Ua la buluu lilitoka jeupe kama pamba, na waridi jekundu likatoka jeusi kama mkaa, likazama katikati ya majani yake yaliyokuwa nayo yamefifia. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba kioo kikitiwa rangi fulani huanza kuona sehemu za mwanga kilizokuwa hakizioni, na kufika mwaka 1906 vioo vilivyoona rangi zote vilikuwa vikiuzwa Uingereza. Hata hivyo, kuona rangi zote si kuzitofautisha. Wekundu wa ua na kijani cha jani, ambavyo machoni mwa mtu ni mbali kama mashariki na magharibi, huweza kutua katika kijivu kimoja. Mpiga picha wa mimea alilazimika kujifunza lugha ya pili: kulitazama ua na papo hapo kuifasiri rangi yake kwa kivuli, kabla hajafungua lenzi.

Tena kufungua lenzi kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilifanywa gizani. Watu wa Afrika ya Mashariki waliita kazi hiyo kusafisha picha, na neno hilo limeteuliwa vizuri, maana sehemu kubwa yake ni dawa na maji. Kioo au filamu iliyopigwa picha haionyeshi kitu chochote kwanza. Mwanga umeacha humo alama isiyoonekana. Ikitiwa katika dawa ya kwanza, chembe za chumvi ya fedha zilizoguswa na mwanga hugeuka fedha tupu, nazo ni nyeusi. Dawa ya pili, yenye ukali kama siki, husimamisha kazi ya ile ya kwanza. Dawa ya tatu ni ile ya Herschel, nayo huondoa chumvi yote iliyobaki isije ikaharibiwa na mwanga baadaye. Kisha hufuata maji, tena maji mengi. Matokeo yake ni picha ya kinyume: ua jeupe limekuwa jeusi, na kivuli kimekuwa nuru.

Kutoka katika picha ya kinyume ndipo ichapwapo picha ya kweli juu ya karatasi iliyopakwa jelatini na chumvi ya fedha. Karatasi hiyo haiuoni mwanga mwekundu, na kwa ajili hiyo chumba cha giza huwa na taa nyekundu hafifu, ambayo chini yake mtu huweza kufanya kazi bila ya kupapasa. Kioo huweza kulazwa moja kwa moja juu ya karatasi, picha ikatoka kwa kimo kilekile. Au mwanga huweza kupitishwa katika kioo na lenzi mpaka picha ikakua. Hapo ndipo fundi na mwanafunzi hujitenga. Ua jeupe ni mtihani mgumu kuliko yote. Karatasi ikipewa mwanga mchache, petali hubaki tupu kama ukurasa usioandikwa. Ikipewa mwingi, weupe huchakaa ukawa majivu. Fundi hupitisha mkono wake katika mwanga, akakinga sehemu isiyohitaji kuiva zaidi, akaiacha nyingine ichomeke muda wa kuhesabu moja mpaka kumi. Mtazamaji haioni hesabu hiyo katika picha iliyokwisha kukauka, ila huihisi.

Mtu wa kwanza wa kisa hiki aliijua kazi hiyo vyema, na karibu dunia nzima haikujua kwamba aijua. Charles Jones alizaliwa mwaka 1866 katika mji wa Wolverhampton, Uingereza, akawa mtunza bustani wa nyumba za matajiri. Katika miaka ya 1890 alikuwa Ote Hall, jimbo la Sussex, na mwaka 1905 jarida la wakulima wa bustani, Gardeners' Chronicle, liliisifu bustani aliyoitengeneza. Sifa ile ilikuwa ya mkulima, wala si ya mpiga picha. Lakini katika miaka hiyo Jones alikuwa akichukua mazao ya mikono yake, maharage, viazi, kabichi, brokoli, plamu, na maua pia, akayaweka mbele ya kitambaa au ubao usio na pambo, akayapiga picha kwa ukaribu katika vioo. Maganda ya maharage alipanga safu moja kama watu waliosimama kutazamwa na mkuu wao. Viazi alivilundika jinsi mchuuzi avilundikavyo, kisha akavipa nuru ambayo wapiga picha wa mijini waliwapa mabibi waliovaa hariri.

Alichapa picha hizo kwa mikono yake mwenyewe, akazitia katika dawa ya dhahabu, ambayo huipa picha rangi ya joto na kuilinda isiharibike upesi. Nyuma ya kila karatasi aliandika jina la mmea, na mara nyingi herufi mbili za jina lake. Majina aliyoandika hayakuwa ya jumla. Hakuandika haragwe tu, bali haragwe la aina gani. Hakuandika brokoli tu, bali brokoli ya jina lipi. Kwa mtunza bustani tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe, maana aina moja huzaa mapema na nyingine huchelewa, hii huvumilia baridi na ile huanguka. Picha zake zilikuwa daftari la ukulima lililoandikwa kwa fedha na mwanga.

Haijulikani kuwa alizionyesha mahali popote. Alifariki mwaka 1959 akiwa na miaka zaidi ya tisini. Mwaka 1981 mkusanyaji wa picha, Sean Sexton, alizikuta picha mia kadhaa ndani ya sanduku katika soko la vitu vikuukuu la Bermondsey, London. Baadaye watu wa ukoo wake walipopatikana, ilisimuliwa kwamba katika uzee wake mzee yule alikuwa akitumia vioo vyake vya picha kufunikia miche michanga bustanini isiuawe na baridi. Wako wasomaji watakaosikitika kwa habari hiyo. Kila kioo kilikuwa asili ya picha isiyoweza kuchapwa tena. Lakini kwa mzee yule haikuwa hasara. Kioo kilichokwisha kutoa picha kilirudi kuwa kioo, kikaukinga mche ambao pengine babu yake ndiye aliyepigwa picha juu yake.

Mtu wa pili ni Karl Blossfeldt, aliyezaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Schielo, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Ujana wake aliutumia katika kiwanda cha kusubu chuma huko Mägdesprung, ambako alijifunza kutengeneza kalibu za mapambo. Kisha akasoma Berlin, na katika miaka ya 1890 akafanya kazi Italia chini ya mwalimu wake Moritz Meurer, ambaye alishikilia kwamba fundi wa mapambo hana budi kujifunza kwa mimea kabla ya kujifunza kwa mafundi wenziwe. Tangu mwaka 1898 mpaka mwaka 1930 Blossfeldt alifundisha katika shule ya ufundi ya Berlin. Somo lake lilikuwa kufinyanga maumbo kwa kufuata mimea hai.

Mimea hai ina taabu yake: hunyauka. Mwanafunzi hajamaliza kulifinyanga jani, nalo limekwisha kujikunja. Picha ilikuwa dawa ya taabu hiyo. Blossfeldt alikusanya mimea kandokando ya njia na ya reli, na mingine katika bustani, akaikata, akaiweka mbele ya karatasi nyeupe, ya kijivu au nyeusi, akaipiga picha kwa kamera kubwa ya mbao. Alikuza sehemu ndogo mara kumi, mara ishirini, hata mara thelathini. Kangaga changa, ambalo mtu hulikanyaga bila kulitazama, likasimama kama fimbo ya askofu. Shina la mmea mnyonge likawa nguzo ya hekalu. Na vikono vya mmea wa maboga, yaani zile nyuzi zijizungushazo kutafuta pa kushika, vikawa mapambo ya lango la chuma. Fundi wa kusubu alikuwa ameirudia kalibu yake ya ujanani, ila safari hii aliikuta imekwisha kutengenezwa na mche.

Kwa miaka thelathini picha hizo zilikuwa vifaa vya darasani tu, kama chaki na ubao. Mwaka 1926 zilionyeshwa katika nyumba ya Karl Nierendorf, mfanyabiashara wa sanaa mjini Berlin, na mwaka 1928 kikatoka kitabu chake Urformen der Kunst, chenye kurasa 120 za picha. Mwalimu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kitabu kilienea upesi, na mwandishi Walter Benjamin alikiandikia uhakiki wa kukisifu mwaka uleule. Mwaka 1932 kilifuata kitabu cha pili, na mwaka huohuo Blossfeldt akafariki.

Haki yapasa kusema kwamba picha hizo si ushuhuda mtupu wa maumbile. Blossfeldt aliyapogoa majani yaliyomziba, akauchagua mche mmoja kati ya mingi, na mara nyingine akarekebisha picha ya kinyume kwa mkono. Alichokitafuta ni kanuni, wala hakutafuta habari za mche mmoja aliyeuokota siku fulani mahali fulani. Hapa yeye na Jones wanaachana. Jones aliuuliza mmea jina lake, Blossfeldt akauuliza ramani yake. Na kukosekana kwa rangi kuliwafaa wote wawili kwa sababu zisizofanana. Katika picha ya Jones kijivu chaonyesha ngozi, uzito na ukomavu, mambo ambayo mlimaji huyapima kwa kidole. Katika picha ya Blossfeldt kijivu chaufanya mmea kuwa metali, na mtu akiitazama huweza kusahau kwamba kile kilichosimama mbele yake kilikuwa na utomvu.

Mtu wa tatu alikuja kwa mlango mwingine. Imogen Cunningham alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na ili apate ada alikuwa akiwatengenezea walimu wa elimu ya mimea picha za kufundishia. Alimaliza mwaka 1907, akafanya kazi ya kuchapa picha katika studio ya Edward S. Curtis, kisha mwaka 1909 akaenda Dresden, Ujerumani, kujifunza kemia ya picha, akaandika juu ya namna ya kutengeneza karatasi za platini kwa mikono. Aliporudi alifungua studio yake Seattle mwaka 1910, na mwaka 1913 akachapisha makala ya kutetea kwamba upigaji picha ni kazi iwafaayo wanawake.

Mwaka 1915 aliolewa na mchoraji Roi Partridge. Mwaka huo alizaliwa mwana wa kwanza, na mwaka 1917 wakazaliwa pacha, wote wavulana. Nyumba ilihamia California, na kufika mwaka 1920 walikuwa Oakland, ambako Partridge alifundisha katika chuo cha Mills. Studio ya Seattle ilikuwa imefungwa. Mwanamke aliyekuwa ameandika kutetea kazi ya wanawake alijikuta na watoto watatu wasioweza kuachwa, na ulimwengu wake ukapungua ukawa nyumba, chumba cha giza, na ua wa nyuma uliopandwa maua. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliigeukia mimea kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo hapo alipofungwa na malezi, na watoto walipolala au walipocheza alipata nafasi ya kuipiga picha.

Katika ua ule alifanya kazi kwa miaka ya 1920 yote. Alipiga picha za agave, jamaa wa mkonge uliojaza mashamba ya Tanga. Alipiga shubiri, na ua la kala, lile jeupe lililojikunja kama faneli, ambalo asili yake ni kusini ya Afrika. Picha iliyompa jina zaidi ni ile ya ua la magnolia ya mwaka 1925. Ua limeijaza picha nzima, wala hakuna jani la kulisindikiza wala bustani nyuma yake. Petali zimefunguka pande zote, na katikati umesimama mnara wa viungo vya uzazi, kila kimoja kimeonekana wazi kama kimehesabiwa. Katika picha nyingine ya mwaka uleule aliusogelea mnara huo peke yake.

Yafaa izingatiwe ni maua gani aliyoyachagua. Magnolia ni jeupe, na kala ni jeupe. Ua la namna hiyo halipotezi kitu likinyimwa rangi. Ila lamtaka mchapaji awe na mkono wa kweli, maana tofauti yote imo kati ya weupe na weupe. Elimu ya kemia ya Seattle na Dresden, ambayo mtu angeweza kudhani imezikwa chini ya nepi na vyombo vya jikoni, ndiyo iliyofanya kazi katika petali zile. Bila mchapaji hodari, magnolia ile ingekuwa doa tu la nuru.

Mwaka 1929 yalifanyika maonyesho makubwa ya picha na filamu katika mji wa Stuttgart, Ujerumani. Edward Weston, mpiga picha wa California, aliombwa kuchagua kazi za upande wake wa Marekani, naye akachagua picha kumi za Cunningham, nyingi zikiwa za mimea. Picha za Blossfeldt nazo zilikuwapo katika maonyesho hayo. Hivyo mwalimu wa Berlin na mama wa Oakland walikutana ukutani, na wakaguzi wakaziita kazi zao alama za zama mpya. Jones, aliyekuwa amepiga picha za namna hiyo miaka mingi kabla ya maonyesho hayo, alikuwa Uingereza, na picha zake zilikuwa hazijulikani.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kisa hiki chaonyesha kwamba methali hiyo yataka kufikiriwa kidogo. Picha za Jones hazikupungukiwa na uzuri, lakini hazikujiuza. Zilikaa mpaka mtu mwenye jicho alipofungua sanduku sokoni. Za Blossfeldt zilitundikwa mbele ya wanafunzi miaka thelathini kabla mwenye nyumba ya maonyesho hajaziona. Za Cunningham zilivuka bahari kwa sababu rafiki alikuwa na uwezo wa kuchagua. Kizuri huhitaji shahidi, na shahidi hatokei kwa kila mtu katika uhai wake. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya sanaa atafutaye habari zake katika majumba ya maonyesho tu atakuta wale waliokwisha kupata mashahidi. Wengine wamo katika mabanda ya bustani, katika makabati ya shule, na jikoni.

Wako wanaozilaumu picha za namna hii kwamba zimeung'oa mmea mahali pake. Hamna udongo, hamna msimu, hamna jasho la aliyelima. Lawama hiyo haikosi ukweli, na kwa Blossfeldt ina nguvu zaidi kuliko kwa wengine. Lakini mwenye kulaumu na azigeuze picha za Jones atazame nyuma yake. Mbele kuna haragwe lililotengwa na dunia yote. Nyuma kuna mwandiko wa mtu aliyelipanda, na jina la aina yake ambalo halingejulikana ila kwa mtu wa shamba. Cunningham naye hakuhitaji kuandika: kila ua lake ni umbali ambao mama aweza kwenda na bado akasikia mtoto akilia.

Filamu na karatasi za fedha bado zatengenezwa, na wako watu waingiao katika chumba cha giza kwa hiari ijapokuwa picha za rangi hupatikana leo kwa kugusa kidole. Watu hao hujifunza upesi jambo moja ambalo vitabu hulitaja kwa maneno machache. Dawa ya kukazia picha ikibaki ndani ya karatasi, hata kwa kiasi kidogo, huendelea kula fedha polepole. Miaka ikipita picha hugeuka manjano, kisha hufifia. Kinga yake ya kwanza ni maji safi, na subira ya kuyabadili tena na tena wakati mtu amekwisha kuchoka na picha imekwisha kuonekana nzuri. Picha za Jones zilikaa sandukuni miaka mingi, vioo vyake vikavunjika au vikapotea, na bado petali na maganda yake yanaonekana wazi. Yaelekea mtunza bustani yule alikuwa ameziosha vizuri.